Siri ya Mtungi na Mwenye Mtungi: Usiri wa Wakili na Haki ya Mwananchi wa Mtwapa Kupata Habari

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa siri ya mtungi aijuaye kata. Aghalabu kauli hii hutumiwa kwa maana ya kwamba aliye karibu na jambo ndiye ajuaye undani wake. Hata hivyo, methali hii ina upande wa pili usiotajwa sana: kata si mwenye mtungi. Kata huingia mtungini asubuhi na jioni, ikajua kina cha maji na tope lililotua chini, lakini maji ni ya yule aliyeyateka kisimani na ya watu wa nyumbani mwake. Lau kata ingekataa kumweleza mwenye nyumba kiasi cha maji yaliyobaki, kwa hoja kwamba siri ya mtungi ni yake, hapana ambaye asingecheka.

Kioja cha namna hiyo hakichekeshi kinapotokea katika ofisi ya umma. Mwananchi huomba waraka unaohusu ardhi, barabara au fedha ya kodi yake, akajibiwa kwamba suala hilo liko mikononi mwa mawakili na kwa hiyo ni siri. Makala haya yanajadili mpaka kati ya mambo mawili ambayo yote ni haki: haki ya mteja kutunziwa siri na wakili wake, na haki ya raia kupata habari zilizohifadhiwa na serikali. Hoja inayotetewa ni kwamba siri ya wakili ni amana ya mteja. Na maadamu mteja halisi wa wakili wa serikali ni umma, siri hiyo haiwezi kugeuzwa pazia la kuuzuia umma usione mali yake. Aidha, inadaiwa kuwa Kiswahili kina kazi kubwa katika kuuchora mpaka huo, na kwamba wanafunzi na wahadhiri wa lugha hii hawajaifanya kazi hiyo vya kutosha.

Mtwapa na maswali yake

Mji wa Mtwapa umekaa kaskazini mwa hori litenganishalo Mombasa na Kaunti ya Kilifi. Ni mji mkongwe kwa jina na mpya kwa sura. Wamtwapa wanahesabiwa miongoni mwa Tisa Taifa za Waswahili wa Mombasa. Wachonyi, Wagiriama na Wamijikenda wengine ni wenyeji wa vijiji vya jirani. Na katika miongo ya karibuni wamehamia watu kutoka bara na hata Ulaya. Mahali penye wengi pana mengi, na mengi ya Mtwapa yanahusu ardhi. Tangu Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, iliyowataka wenye madai katika pwani hii wayathibitishe mbele ya maafisa wa kikoloni, karatasi imekuwa na nguvu kuliko makaburi ya mababu na minazi waliyoipanda. Asiyekuwa na karatasi aliitwa maskwota katika ardhi aliyozaliwa.

Katika miaka ya 2020 barabara ya kutoka Mombasa kupitia Mtwapa hadi Kilifi ilianza kupanuliwa. Barabara pana ni heri kwa msafiri, lakini kwa aliyejenga kando yake ni suala la riziki. Na achukuliwe, kwa mfano wa kubuni tu, mama auzaye samaki wa kukaanga na viazi karai kando ya barabara hiyo. Siku moja anakuta ukuta wa kibanda chake umechorwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Maswali yake ni mepesi: mpaka wa hifadhi ya barabara unapita wapi, na umechorwa katika ramani ipi? Kiwanja kilicho nyuma ya kibanda kimesajiliwa kwa jina la nani, na tangu lini? Ni nani walioorodheshwa kulipwa fidia, na kwa kigezo gani? Ikiwa jibu atakalopewa ni kwamba mambo hayo yako kwa mawakili, mama huyo atarudi kwenye karai lake bila ya kujua kama amenyimwa kwa haki au kwa hila. Hapo ndipo penye kiini cha mjadala huu.

Chimbuko la siri ya wakili

Ikumbukwe kwamba usiri wa wakili si hila ya wakubwa. Katika mahakama za Uingereza ulitambuliwa tangu enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza. Kesi inayotajwa sana ni ya mwaka 1577, ambamo mwanasheria mmoja alisamehewa kutoa ushahidi juu ya jambo la mteja wake. Mnamo 1995 Baraza la Malodi la Uingereza lilisisitiza kuwa kinga hii ni zaidi ya kanuni ya kawaida ya ushahidi, kwani ni sharti ambalo utoaji wa haki wenyewe umeegemea. Sababu yake haihitaji usomi mkubwa. Mtu hawezi kutetewa vyema ikiwa anamwogopa mtetezi wake. Akificha nusu ya kisa, wakili atapigana nusu ya vita.

Nchini Kenya kanuni hiyo imo katika kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi, sheria iliyorithi mengi kutoka kwa Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872. Wakili haruhusiwi kufichua mawasiliano yake na mteja, wala ushauri aliompa, ila kwa idhini ya mteja. Mambo matatu katika kanuni hiyo yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, mwenye uwezo wa kuifungua siri ni mteja; wakili ni mtunzaji tu. Pili, wajibu huo humfunga pia mkalimani na karani wa wakili, jambo linalopaswa kukumbukwa na kila mwanafunzi wa Kiswahili anayetarajia kufanya kazi ya ukalimani. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, kinga hiyo haimfuniki mtu aliyemwendea wakili kwa nia ya kutenda jambo lililo kinyume cha sheria.

Sharti hilo la tatu lina uzito wa pekee katika suala la ardhi. Tume iliyoongozwa na Paul Ndung'u kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma ilikabidhi ripoti yake mwaka 2004. Ripoti hiyo haikuwalaumu wanasiasa peke yao. Iliwataja pia wataalamu waliozisafisha karatasi chafu: mawakili, wapima ardhi, wathamini na maafisa wa usajili. Ilibainika basi kwamba kalamu ya msomi inaweza kunyang'anya shamba bila ya kushika panga. Usiri uliowekwa kumlinda mnyonge mbele ya mahakama haukukusudiwa kuwa maficho ya kalamu ya aina hiyo.

Haki ya kupata habari

Kwa upande wa pili wa mizani ipo ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, inayompa kila raia haki ya kupata habari zilizohifadhiwa na dola. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 ilikuja kuifafanua haki hiyo. Mwombaji halazimiki kueleza anazitakia nini habari hizo. Ofisi hupewa siku 21 za kujibu, au saa 48 iwapo habari zinahusu uhai au uhuru wa mtu. Ombi lenyewe halitozwi ada; kinacholipiwa ni gharama ya kutoa nakala. Akikataliwa ana haki ya kuelezwa sababu, na anaweza kukata rufaa kwa tume ya haki za kiutawala, ambayo wengi huiita ofisi ya Ombudsman, kisha Mahakama Kuu. Nayo Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inazitaka kaunti zifungue milango hiyo hiyo.

Hata hivyo, kifungu cha 6 cha sheria hiyo ya 2016 kimeweka mipaka. Miongoni mwa habari zinazoweza kuzuiliwa ni zile ambazo zingeharibu msimamo wa taasisi ya umma katika kesi iliyopo au inayotarajiwa, na zile ambazo zingevunja usiri wa kitaaluma unaotambuliwa na sheria. Hapa ndipo siri ya wakili inapoingia serikalini. Lakini kifungu hicho hicho kinampa jaji uwezo wa kuamuru habari zitolewe iwapo manufaa ya umma yanazidi madhara ya kuzitoa. Tena habari zilizokaa ofisini kwa zaidi ya miaka 30 huchukuliwa kuwa hazina kinga, isipokuwa ofisi ithibitishe vinginevyo. Mlango umewekwa komeo, ila ufunguo haukuachwa kwa bawabu peke yake.

Wenyeji wa pwani wameuona ufunguo huo ukitumika. Kwa miaka kadhaa mikataba ya reli ya kisasa ya SGR, iliyojengwa kwa mikopo ya Benki ya Exim ya China ya mwaka 2014, haikuonyeshwa umma, huku ikidaiwa kuwa ina masharti ya kutotangazwa. Wanaharakati wawili, Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo, walikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa. Mei 2022 Jaji John Mativo aliamua kuwa serikali imeikiuka haki yao ya kupata habari na akaagiza nyaraka zitolewe. Novemba mwaka huo Waziri wa Uchukuzi, Kipchumba Murkomen, alitoa hadharani mikataba ya mikopo. Ndipo mwananchi akajisomea kuwa mgogoro ukizuka utaamuliwa Beijing. Jambo linalomfunga mlipakodi kwa miaka mingi halikuwa ushauri wa wakili. Lilikuwa ahadi iliyotiwa saini kwa jina lake.

Ni haki pia kutaja kwamba mahakama hazimruhusu mwananchi kupita dirishani. Novemba 2017, katika kesi ya uchaguzi wa urais, Mahakama ya Juu ilikataa kupokea mawasiliano ya ndani ya tume ya uchaguzi kwa kuwa walalamishi hawakuyapata kwa njia ya kuomba iliyowekwa na sheria. Fundisho lake ni bayana: haki ya kupata habari ni haki ya kubisha hodi na kujibiwa.

Mteja wa wakili wa serikali ni nani?

Wapo watakaosema kwamba serikali nayo ni mteja kama mteja yeyote, na wana hoja. Mwanasheria wa Kaunti, ambaye ofisi yake iliwekewa sheria mahususi mwaka 2020, hana budi kuweza kumwambia gavana kwa uwazi kwamba kesi fulani ni dhaifu na itashindwa. Ikiwa kila neno lake litasomwa sokoni kesho yake, atajifunza kuandika kwa mafumbo, au hataandika kamwe. Zaidi ya hayo, atakayefaidika na uwazi usio na mpaka huenda asiwe yule mama wa viazi karai. Aliyenyakua kiwanja cha shule ana wakili wake mahiri. Akiusoma ushauri wa kaunti kabla ya siku ya kesi, ataushinda umma kwa silaha ya umma wenyewe. Kwa hiyo wanaotaka siri zote zifutwe hawamtendei mnyonge hisani.

Pamoja na hayo, serikali si mteja kama mteja yeyote. Ibara ya 1 ya Katiba inasema mamlaka yote ni ya wananchi, na viongozi wanayashika kwa niaba yao. Ibara ya 62 inaitaka serikali ya kaunti iishike sehemu kubwa ya ardhi ya umma kwa amana ya wakazi wa kaunti hiyo. Ibara ya 73 inauita uongozi wenyewe amana ya umma. Neno amana si geni kwa Mswahili. Mwenye kushika amana huilinda dhidi ya wezi, lakini hamfichi mwenyewe ilipo. Ukimwachia jirani sanduku kisha akakwambia huruhusiwi kujua lililomo, amana hiyo imekwisha kuwa kitu kingine.

Kutokana na hayo, ofisi yoyote inayodai siri ya wakili inafaa kupimwa kwa maswali matatu. La kwanza: je, waraka ulizaliwa kwa ajili ya kutafuta ushauri wa kisheria, au ulizaliwa kwingine ukapita tu kwa wakili? Ramani ya barabara, orodha ya fidia, risiti na mkataba uliokwisha kusainiwa havigeuki kuwa ushauri kwa kuwekwa katika jalada la wakili, kama vile samaki hageuki kuwa chombo kwa kubebwa na ngalawa. La pili: je, siri inamlinda mteja, yaani umma, au inamlinda afisa dhidi ya umma? La tatu: je, kesi yenyewe ingali hai? Ushauri uliohitaji kulindwa wakati wa mapambano huenda ukawa somo la historia baada ya hukumu.

Uingereza yenyewe, kulikozaliwa kanuni hii, imeonja uzito wa maswali hayo. Ushauri wa Mwanasheria Mkuu, Lord Goldsmith, kuhusu uhalali wa vita vya Iraq uliandikwa tarehe 7 Machi 2003. Umma haukuusoma wote hadi serikali ilipouchapisha tarehe 28 Aprili 2005, baada ya sehemu zake kuvuja. Waliousoma waliona mashaka na tahadhari ambazo hazikuwamo katika kauli fupi iliyotolewa bungeni mwezi ule wa Machi. Hapana anayeweza kudai kuwa siri ile haikuwa siri halali ya wakili. Lakini wengi walijiuliza ni ya mteja yupi, ikiwa waliopelekwa vitani na waliolipia vita hawakuhesabiwa.

Kazi ya Kiswahili

Jumuiya ya wapenzi wa Kiswahili inahusikaje na mambo haya ya mahakama? Inahusika kwa sababu sheria imeitaja lugha yao. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Upatikanaji wa Habari kinasema ombi litaandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Tena, asiyejua kusoma na kuandika, au aliye na ulemavu, hapaswi kurudishwa. Afisa anatakiwa amsaidie, aliandike ombi lake na ampe nakala. Mzee wa Kichonyi anayetoka Mtepeni kuuliza habari za shamba lake ana haki ya kusikilizwa na kuandikiwa.

Lakini lugha hiyo inaruhusiwa ukumbini na kuzuiwa chumbani. Jibu huja mara nyingi kwa Kiingereza cha kisheria. Na rufaa ikifika Mahakama Kuu, kifungu cha 86 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai kinasema lugha ya mahakama hiyo ni Kiingereza. Kiswahili kimeachwa kwa mahakama za chini. Tanzania ilichagua njia nyingine mwaka 2021 ilipobadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Nchini Kenya, ambako ibara ya 7 ya Katiba imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi, mwananchi anaweza kubisha hodi kwa Kiswahili akanyimwa kwa lugha asiyoielewa. Atabishanaje na sababu asiyoweza kuisoma?

Fauka ya hayo liko suala la istilahi. Neno la Kiingereza linalotumika kwa kinga hii, likifasiriwa kikamusi, huleta maana ya upendeleo au fursa ya pekee, na hutanguliwa na neno la taaluma. Mfasiri asipokuwa mwangalifu atamfanya msomaji aamini kwamba wakili amependelewa. Kumbe mwenye haki ni mteja! Kiswahili kina nafasi ya kukisema kitu hiki vyema kuliko lugha ilikotoka, kwa kukiita kwa jina la mwenyewe. Istilahi kama amana ya mteja, au kinga ya siri ya mteja, ingemwelekeza kila asikiaye kuuliza swali linalostahili: mteja ni nani hapa? Istilahi nzuri haipambi tu kamusi. Humpa mnyonge swali la kuuliza.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vimezoea kuandaa makongamano, michezo ya kuigiza na mashindano ya utunzi, na hilo ni jema. Lingekuwa jema zaidi iwapo wanachama wao wangefasiri kwa Kiswahili sanifu kifungu cha 6 na cha 8 cha sheria hii, wakaandaa barua ya mfano ya kuomba habari, na kuipeleka Mtwapa, Kilifi na Malindi katika sauti ambayo muuza samaki anaweza kuisoma au kusomewa. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi wala idhini ya waziri.

Hitimisho

Karibu na mdomo wa hori la Mtwapa yapo magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa Waswahili wa karne ya 14 uliohamwa karne iliyofuata. Kuta za misikiti na nyumba zingali zimesimama kando ya bahari, lakini hakuna maandishi yaliyopatikana yanayoeleza nani waliujenga na kwa nini waliondoka. Wanaakiolojia wanakisia kwa vigae na makaburi. Kizazi kile hakilaumiwi, kwa maana muda ndio uliokula nyaraka zake. Kizazi cha leo kinaandika kila kitu: ramani, hati, mikataba na orodha za fidia. Ikiwa wajukuu wa Mtwapa watalazimika kukisia tena kwa kutazama mahali palipokuwa na vibanda, haitakuwa kwa sababu karatasi zilioza.

Siri ya wakili na ilindwe, kwani bila yake hakuna utetezi. Lakini ilindwe kama amana ilindwavyo, kwa faida ya mwenyewe na kwa kadiri ya haja. Kata iendelee kuujua mtungi. Mwenye mtungi naye asizuiwe kuchungulia ndani.